Mwokozi wa Kuogopwa: Dune Kitabuni na Sinemani

Frank Herbert, Mmarekani, alipotoa Dune mwaka 1965, riwaya ya kwanza katika mfululizo wake wa bunilizi za kisayansi, aliwapa wakazi wa sayari ya mchanga msamiati ambao msomaji wa pwani haulizi maana yake. Mahdi anamjua. Katika Lisan al-Gaib anasikia ulimi na ghaibu. Muad'Dib, panya wa jangwani ambaye Paul Atreides anajitwalia jina lake, linamjia na harufu ya adabu. Na kweli, Fremen wenyewe humwita panya huyo mfunza wavulana.

Sikio hilo ndilo linaloshtuka sinemani. Riwaya inaitaja jihadi waziwazi, tena kwa hofu: Paul anaiona ikija na kutafuta njia ya kuikwepa. Filamu ya Denis Villeneuve ya 2021 ililiondoa neno, ikasema vita vitakatifu. Labda ni hadhari ya wenye biashara, lakini lugha ya Fremen imepoteza uti wake.

Kosa la David Lynch, mwaka 1984, ni zito zaidi. Mwishoni aliteremsha mvua jangwani, muujiza usiomo kitabuni, na mtu aliyeandikwa kuwa onyo akageuka mwokozi wa kweli. Ilhali Herbert alikwisha kulikaza onyo hilo katika Dune Messiah, 1969, ambamo wafuasi wa Paul wameua mabilioni. Villeneuve alilirejesha mwaka 2024 kwa kumpa Chani shaka. Kitabuni Chani anabaki ubavuni mwa Paul. Filamuni anampa kisogo, anakwenda peke yake jangwani kumwita nyungunyungu wa kumpanda.