Mikaya Barazani: Kuisoma Upya 1 Wafalme 22

Wahubiri wetu wafikapo sura hii humsifu Mikaya mwana wa Imla kwa ushujaa wake, na ndivyo ipasavyo. Lakini sifa hiyo ikiishia hapo huidhulumu sura yenyewe, maana msimulizi alilenga mbali kuliko mtu mmoja asiyeogopa kusema.

Tutazame kikao kilivyopangwa. Wafalme wawili wameketi penye lango la Samaria wakiwa na mavazi yao ya enzi. Manabii wapatao 400 wanatabiri kwa neno moja: mfalme akwee Ramoth-Gileadi, naye atashinda. Mikaya hayupo. Wala hakusahauliwa, Ahabu anakiri kwamba anamchukia kwa kuwa humtabiria mabaya daima. Basi barazani pale ukweli unajulikana unakaa nyumba gani, ila haukualikwa. Hata mjumbe aliyetumwa kumwita anamsihi njiani apatane na wenzake (desturi hii si ngeni kwa waliowahi kukaa katika halmashauri za kanisa).

Mikaya anaanza kwa kuyarudia maneno ya wale 400. Wafasiri wengi huona hapo kejeli, nami nakubali. Lakini ni kejeli ya mtu aliyechoshwa na zamu yake. Ahabu mwenyewe anamwapisha aseme kweli, na akisha kuisema, anamgeukia Yehoshafati na kumkumbusha kwamba alimwonya mapema juu ya mtu huyu. Ukweli umefanywa kuwa tabia ya Mikaya, na tabia ya mtu haihitaji kujibiwa. Kofi la Sedekia na kifungo vinafuata kwa wepesi.

Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), alimpa Karama mfalme awezaye kugeuka. Msimulizi wetu hatupi faraja hiyo, na kwa sababu hiyo namwona kuwa mkali zaidi.

Hata hivyo, anayestahili kutazamwa sana ni Yehoshafati. Ndiye aliyeomba nabii mwingine wa BWANA; ndiye aliyemkemea Ahabu, kwa upole, asiseme vile. Nabii aliyemtaka ameletwa, amesema, amepigwa, amefungwa, naye Yehoshafati hatamki neno. Katika mstari wa 29 anapanda kwenda vitani pamoja na Ahabu. Mwenzake amejigeuza, yeye amevaa mavazi ya enzi. Na tunapoisikia tena sauti yake, anapiga kelele katikati ya maakida wa magari ya Shamu.