Ungo wa maharage na mkono uliopooza

Mkono uliopooza kwa kiharusi haujaharibika wenyewe. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichokatika ni amri. Mshipa ukiziba upande wa kushoto wa ubongo, seli zinazoongoza mkono wa kulia hufa, na zikishakufa hazifufuki. Sasa mzee wa Biryogo, hapa Kigali, anayeanza tena kushika kikombe cha chai miezi kadhaa baadaye, anakishika kwa seli zipi?

Sehemu ya nafuu ya mwanzo hutokana na uvimbe kupungua. Iliyobaki ilielezwa na kima. Mwaka 1996, Randolph Nudo na wenzake huko Marekani waliua kipande kidogo cha eneo la ubongo linaloongoza vidole vya kima, kisha wakaufunika mkono usio mgonjwa kwa mkono wa koti. Kima akitaka kula, sharti achokoe chakula kwenye vishimo vidogo kwa mkono mgonjwa, mamia ya mara kwa siku. Ubongo ulipopimwa upya, eneo la vidole lililonusurika halikupungua. Kwa baadhi yao lilitanuka likaingia kwenye sehemu ya kiwiko na bega. Kwa kima wasiofanyishwa mazoezi, hata lililonusurika lilisinyaa.

Siri basi ni hesabu, na hapo ndipo tunapopunja. Mwaka 2009, Catherine Lang na wenzake walihesabu vitendo halisi vya mkono katika vikao vya tiba ya viungo Amerika Kaskazini: wastani 32 kwa kikao. Kima mamia, binadamu 32! Mgonjwa anayeshuka kutoka Nyamirambo kwenda hospitali ya CHUK, hata awe na bima ya mutuelle mkononi, hatafidia pengo hilo kwa safari mbili za wiki.

Nyumbani nako heshima zetu humponza. Baba hali kwa mkono wa kushoto, basi binti anamlisha, na mkono unazidi kusahaulika.

Kuharakisha nako kuna hatari: utafiti wa AVERT, 2015, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza hupunguza nafuu yake. Ila daktari akisharuhusu, na vidole vikijongea japo kidogo, mwekeeni ungo wa maharage upande wa mkono mgonjwa. Achambue chembe moja moja, na anayemhurumia zaidi ndiye amhesabie.