Sifa za Stendi

Fundi wa pikipiki mimi humpima kabla hajashika spana. Namtazama anavyoisimamisha. Akiipandisha kwenye stendi ya kati kwa mkanyago mmoja, akaitikisa kidogo, ndipo akachuchumaa, najua chombo kiko kwenye mikono salama.

Huku Nyakisasa, kwenye vilima vya Ngara, ufundi huo una thamani ya pekee kwa sababu uwanja tambarare ni wa kutafuta. Ua umeinamia migombani, na mvua ikinyesha udongo mwekundu hulainika. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za abiria nchini, pikipiki imekuwa ajira ya familia nyingi. Pikipiki aina ya Boxer iliyoshinda ikibeba mikungu ya ndizi na magunia ya maharage hukazwa cheni jioni hiyo hiyo, nyumbani, watoto wakizunguka.

Chombo hicho kina zaidi ya kilo 100, lakini kukipandisha hakuhitaji misuli. Unasimama upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria. Unakanyaga stendi taratibu mpaka miguu yake yote miwili iguse ardhi. Hapo unatulia kidogo, maana mguu mmoja ukiwa hewani pikipiki itakulalia. Kisha unahamishia uzito wa mwili wote kwenye kisigino. Mikono inaongoza tu, na pikipiki inarudi nyuma huku inapanda. Wanaoinyanyua kwa mikono ndio wanaolalamika kiuno.

Kwenye mteremko, elekeza tairi la mbele upande wa juu. Stendi hujikunja pikipiki inaposogea mbele, kwa hiyo ikitazama bondeni inaweza kushuka yenyewe. Chini ya miguu ya stendi weka kipande cha ubao mpana ili isizame. Na kuna jambo ninalolipenda sana kwa mafundi wetu: wanakata utepe wa tyubu kuukuu na kufunga nao mkono wa breki ya mbele. Tairi linakamatwa, pikipiki haisogei. Ni kitu cha bure kabisa, na kinaokoa vidole.

Stendi yenyewe ichague kwa macho na kwa mkono. Ishike uitikise: ikicheza kwenye pini, bushi imekwisha. Springi iwe ngumu kuivuta. Tazama nyayo zake, kwa sababu upande mmoja ukilika pikipiki huinama daima, na mchomeleaji akiongeza kipande cha bati nene inakaa sawa tena. Tairi la nyuma liachane na ardhi kwa vidole viwili hivi. Ukifunga tairi kubwa lenye meno ya matope, stendi ya zamani huenda isilinyanyue tena. Za kuchomelewa kwa nondo sizikatai, mradi urefu wa miguu yote miwili ulingane.

Ukitaka kuinua tairi la mbele, gogo chini ya injini linafaa, pasipo na bomba la moshi wala nati ya kumwagia oili. Mawe yaliyopangwa siyakubali hata kidogo. Jiwe huteleza bila kutoa ishara.

Pikipiki ikishasimama vizuri, kazi inayofuata ni raha. Unazungusha tairi kwa mkono, unasikia beringi, unaupima mlegeo wa cheni katikati: sentimita 2 hadi 3 kwa pikipiki nyingi za aina hii. Injini iwe imezimwa. Kupaka cheni oili huku gia imeingia na injini inanguruma ni kuuza vidole, na sitamruhusu kijana yeyote afanye hivyo mbele yangu.

Kushusha nako kuna adabu yake. Ondoa ule utepe, sukuma mbele, na tairi la nyuma likigusa ardhi ushike breki. Kabla ya kuondoka papasa kwa mguu stendi ndogo ya kushoto. Ikibaki chini, kwenye kona ya kwanza ya kushoto itagonga ardhi na kukuangusha.