Kuoza, Kupotea au Kusinyaa? Uhakiki wa Istilahi za Picha za Ubongo
Miongoni mwa tafsiri zilizopata kuletwa mezani petu ni karatasi ya maelezo kwa watu wanaoombwa kushiriki katika utafiti wa ugonjwa wa Huntington. Ugonjwa huu, uliopewa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872, ni wa kurithi: kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi 50 katika 100 ya kuupata. Viungo huchezacheza bila hiari, na fikra nazo huvurugika.

Mfasiri ameandika kwamba picha zitaonyesha "jinsi ubongo unavyooza". Kosa hili si dogo. Kilichooza hunuka, nacho hutupwa; ilhali msomaji wa karatasi hii huenda ni mtu mwenye nguvu zake, aendaye kazini kila siku. Katika utafiti wa TRACK-HD, ulioanza mwaka 2008 katika miji ya London, Paris, Leiden na Vancouver, baadhi ya washiriki walikuwa na jeni ya ugonjwa lakini dalili zake zilikuwa hazijajitokeza. Hata hivyo, picha zilionyesha kwamba kaudeti na putameni, sehemu zilizomo ndani kabisa ya ubongo, zimekwisha kuanza kupungua. Je, mtu kama huyo aambiwe kwamba ubongo wake unaoza?

Mahali pengine limetumika neno "upotevu". Neno hili tumelizoea katika hesabu za serikali, ambako kila upotevu hutafutiwa mhusika. Katika ugonjwa huu hakuna aliyepoteza kitu.

Twapendekeza "kusinyaa" kwa hali ya kiungo chenyewe: tunda lililosinyaa limepungua, lakini lingali tunda. Panapotajwa vipimo, iandikwe "kupungua kwa ujazo", kwa kuwa mashine hiyo, itumiayo sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio (wala si eksirei, kama adhanivyo mfasiri), hupima ujazo, haihesabu seli. "Kufa kwa seli" ni maneno ya mchunguzi atazamaye ubongo kwa darubini. Mfasiri ayachanganyapo haya matatu, humsemesha mtafiti jambo ambalo hakuliona, na humtia mshiriki hofu isiyo na msingi kabla hajatia sahihi yake.

Wenye maoni tofauti, hasa waganga na walimu wa sayansi, twawakaribisha watuandikie.