Taa Ilizimika au Ilizimwa? Sarufi kama Maficho katika Hadithi Fupi ya Upelelezi

Uhakiki wa fasihi ya upelelezi ya Kiswahili umezoea kuanza na Bwana Msa na kiko chake. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na tangu hapo wahakiki wengi wamekuwa wakipima ni kwa kiasi gani mpelelezi huyo anamfuata Sherlock Holmes. Swali hilo lina haki yake, ila limechosha. Limewafanya watu watazame kiko, wasitazame kitenzi.

Kutotazama huko kumeiumiza zaidi hadithi fupi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa vimehakikiwa kama riwaya, aghalabu chini ya lebo ya fasihi pendwa. Mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kutawanya washukiwa, safari na mapigano. Mwandishi wa hadithi ya maneno elfu mbili hana nafasi hiyo. Ushahidi wake hauna budi kukaa ndani ya sentensi yenyewe, na hapo Kiswahili kinampa silaha ambazo Kiingereza cha Conan Doyle hakikuwa nazo.

Silaha ya kwanza ni kiambishi cha nafsi. Aliingia, akamkaba, akaondoka na funguo zake: sentensi hii haisemi kama muuaji ni mwanamume au mwanamke, wala haionyeshi kwamba inaficha. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuficha jambo hilo hulazimika kuzungukazunguka hadi msomaji mwerevu akashuku. Hata hivyo, maficho haya yana matundu. Alioa na aliolewa humaliza siri kwa silabi chache. Mkwe husitiri, wifi hufichua jinsia ya pande zote mbili. Mwandishi asiyepima istilahi zake za ukoo huweza kumtaja muuaji katika aya ya pili bila kujua.

Silaha iliyo kali zaidi ni kauli za kitenzi. Taa ilizimwa huashiria kuwa yuko aliyezima, hata asipotajwa. Taa ilizimika huacha mlango wazi: pengine mafuta yaliisha, pengine upepo ulivuma. Vivyo hivyo kamba ilikatika na ilikatwa, mlango ulifunguka na ulifunguliwa. Je, kutumia kauli ya kutendeka pale ambapo mkono wa mtu ulihusika ni kumdanganya msomaji? Ronald Knox, katika kanuni zake kumi za mwaka 1929, alidai msomaji atendewe haki, na riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd (1926), ilizua ubishi kwa sababu ya msimulizi wake. Jibu linalofaa kwa Kiswahili linategemea ni nani anayesema. Shahidi aliyekuwa chumba cha pili anaweza kusema kwa uaminifu kwamba taa ilizimika, kwani hilo ndilo aliloliona. Msimulizi maizi akisema hivyo amevunja mkataba. Kwa hiyo kitenzi hicho kiwekwe kinywani mwa mhusika, na msomaji aachiwe kazi ya kuuliza shahidi alijuaje.

Njeo nayo ina kisa chake, na huonekana vizuri Kiswahili kinapokaa jirani na lugha nyingine. Chukua shahidi wa kubuni huko Kashozi, karibu na mji wa Bukoba, anayesema: Nilimwona kibanjani. Kiambishi -li- hakisemi ni lini. Ruhaya hakimruhusu utulivu huo, kwa kuwa hutenganisha wakati uliopita wa leo, wa jana, na wa kabla ya jana. Tena -ka- ambayo katika Kiswahili huunganisha matukio, katika Ruhaya ni alama ya wakati wa mbali. Shahidi aliyezoea kupanga siku ndani ya kitenzi, akihojiwa kwa Kiswahili na askari aliyetoka mkoa mwingine, anaweza kupoteza siku nzima katika maelezo yake pasipo kusema uongo hata mara moja. Hadithi nzima ya upelelezi imo humo.

Uchapishaji huamua kama ushahidi mwembamba hivi utaishi. Hadithi inayotolewa gazetini kwa mfululizo huiua: msomaji wa toleo la nne hana toleo la kwanza mkononi arudi kukagua kama taa ilizimika au ilizimwa. Ndiyo maana mfululizo hutegemea kishindo cha mwisho wa kila sehemu na neno itaendelea. Hadithi inayokamilika ndani ya toleo moja humruhusu msomaji arudi aya tatu nyuma akajionee.

Hatari inayobaki ni ya mezani pa mhariri. Mhariri mwenye mazoea ya habari za magazeti hupenda mtendaji ajulikane. Huongeza mwanamume huyo palipokuwa na a- tupu, na hubadili ilizimika kuwa ilizimwa akidhani anasahihisha. Badiliko la herufi chache tu hufanya fumbo lifumbuke katika ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa hadithi ya namna hii ana sababu ya kudai prufu kabla ya kuchapwa, na kuanza kuzisoma kwenye vitenzi.