Insha ya Kichina: inafundisha neno, au majirani wa neno?

Kama umewahi kujifunza Kichina, ushauri huu umeshausikia: ukitaka neno jipya likae kichwani, litungie insha. Chukua maneno kumi, andika aya mbili, kesho rudia na mengine kumi. Unatolewa kama dawa ya kila ugonjwa. Mimi niliufuata mwaka mzima. Leo naukosoa, lakini siutupi. Nataka uone unapofanya kazi na unapokudanganya.

Nianze na kilichonikuta. Nilirudi Njombe likizo nikiwa na daftari lenye insha zaidi ya arobaini. Mama mkubwa analima parachichi, na wiki hiyo tulishusha kreti zake Makambako kwa mnunuzi mmoja. Mkaguzi alikuwa Mchina. Akafika kwenye kreti tatu, akatikisa kichwa, akaashiria ziwekwe pembeni. Mama mkubwa akanigeukia: "Haya mwanangu, si unajua lugha yao? Mwambie hayajaoza, yamegongana tu njiani."

Kuoza ni 烂 (làn). Silabi moja tu. Nilikuwa nimeliandika kwenye insha mbili, moja ikihusu soko la matunda! Siku hiyo halikuja. Nikabaki napapasa hewani, nikasema "si mbaya, si mbaya", mkaguzi akatabasamu na kuendelea na kreti zinazofuata. Zile tatu tulirudi nazo Njombe. Mama mkubwa hakusema neno njia nzima, na hapo ndipo paliniuma.

Usiku nikafungua daftari. 烂 lilikuwepo, kwa mwandiko safi kabisa. Ila nilikumbuka nilivyolipata: nilifungua kamusi kwenye simu, nikatafuta, nikanakili, nikaendelea. Mara ya pili vilevile. Yaani mkono uliandika neno mara mbili, lakini kichwa hakikuwahi kulitafuta chenyewe hata mara moja.

Sasa twende kwenye utafiti, maana ushauri wa insha haukutoka hewani. Mwaka 2001 Jan Hulstijn na Batia Laufer walilinganisha kazi tatu kwa wanafunzi wa Kiingereza nchini Uholanzi na Israeli: kusoma kifungu chenye maana za maneno pembeni, kusoma na kujaza nafasi, na kutunga maandishi kwa maneno hayohayo. Waliotunga ndio waliokumbuka zaidi. Maelezo yao yanaeleweka: anayetunga anabeba mzigo mkubwa zaidi. Inabidi aamue neno liingie wapi na liambatane na nini.

Wengi wanaishia hapo. Lakini waliotunga walitumia pia muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2006 Keith Folse akauliza swali ambalo mwanafunzi mwenye saa moja tu jioni angeuliza: je, muda ukilingana? Akalinganisha kutunga sentensi kwa neno mara moja na kujaza nafasi kwa neno lilelile mara tatu. Mara tatu ikashinda. Kilichobeba uzito zaidi ni idadi ya safari ambazo neno limefuatwa kichwani, kuliko ugumu wa zoezi.

Joe Barcroft alikuwa ameshagusa jambo la karibu na hilo mwaka 2004: wanafunzi walioandika sentensi wakati wanakutana na maneno ya Kihispania kwa mara ya kwanza waliyakumbuka vibaya kuliko wale ambao hawakuandika. Neno likiwa bado geni kabisa, akili inahitaji nafasi ya kushika umbo lake. Ukiilazimisha itunge maana hapohapo, unainyang'anya nafasi hiyo.

Utafiti huo ulihusu Kiingereza na Kihispania. Kwa Kichina naona mzigo wa umbo ni mzito zaidi: kuna sauti, kuna toni, na kuna herufi ambayo haikutajii sauti yake waziwazi. Kutunga insha kwa maneno uliyokutana nayo dakika kumi zilizopita ni kama kumtuma mgeni sokoni kabla hajajua njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo insha haina kazi? Hapana, inayo kubwa, ila si ile tunayoambiwa. Insha haifundishi neno vizuri. Inafundisha majirani wa neno.

Mfano: kadi yako inasema 合同 (hétong) ni mkataba. Umelishika. Sasa andika "tuliingia mkataba". Mswahili ataandika 进合同, kwa kuwa 进 (jìn) ni kuingia. Mchina atakushangaa, kwani kwake mkataba hauingiwi, unasainiwa: 签合同 (qiān hétong). Kadi haitakuonyesha kosa hilo mpaka ujaribu sentensi. Au "kunywa dawa": Kichina ni 吃药 (chī yào), yaani kula dawa.

Wakati mwingine bahati iko upande wetu. Sisi tunapiga simu. Wachina nao wanasema 打电话 (dǎ diànhuà), na 打 ni kupiga hasa. Tunapiga picha, wao wanasema 拍照 (pāizhào), na 拍 ni kupiga kwa kiganja. Mwongozo ulioandikiwa Waingereza hauwezi kukuambia haya, maana wao simu hawaipigi. Utayagundua mwenyewe unapotunga, na ukishayagundua hayasahauliki kirahisi.

Ila hapo pia kuna mtego. Kama hakuna wa kukusahihisha, 进合同 litaandikwa leo, kesho na keshokutwa, mpaka lizoeleke. Insha isiyosahihishwa inahifadhi makosa kwa uaminifu uleule inaohifadhi maneno. Na mtunzi aliye huru hukimbia ugumu. Nikihesabu zile insha zangu, nyingi zinasema mama ni mkulima, Njombe kuna baridi, napenda chai. Maneno niliyoyajua tayari yalizidi kuimarika. Mageni yalipita kama malori ya Songea pale njiapanda ya Makambako.

Unaweza kusema haya ni ya wapenda lugha tu. Kwetu si hivyo. Wachina walijenga reli ya TAZARA, inayopita Makambako, kati ya 1970 na 1975. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana juu ya kuuza parachichi zetu huko. Kijana anayejua kusema 烂 na 签合同 kwa wakati wake anaweza kumsaidia mzazi wake. Anayeyajua kwenye daftari tu, mlishaona yaliyompata.

Basi nifanyeje, utauliza. Nilichobadilisha ni mpangilio tu. Siku ya kwanza situngi chochote. Nachukua maneno matano, naficha Kichina, natazama Kiswahili, nasema kwa sauti na kuandika herufi kwa mkono. Simu naiweka mbali, kwa sababu ukichapa kwa herufi za Kilatini simu inakuletea herufi za Kichina uchague, na kutambua si kukumbuka. Siku ya tatu ndipo naandika insha fupi ya herufi kama 80 yenye maneno yote matano. Ndicho kipimo ambacho mtihani wa HSK ngazi ya tano, katika mfumo wa ngazi sita, umekuwa ukikitumia: maneno matano, herufi 80. Neno likigoma, naacha pengo na kuendelea. Nikimaliza ndipo nafungua kamusi. Yale mapengo ndiyo orodha ya kesho. Wiki inayofuata narudia maneno yaleyale kwa mada nyingine, na insha moja kati ya hizo namtumia mtu anayekijua Kichina kuliko mimi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: insha ni mtihani mzuri na shamba baya. Usiitumie kupandia maneno. Itumie kuvunia, uone yapi yameota.

Kuhusu mama mkubwa, msimu uliofuata nilimwambia twende tena Makambako. Akanitazama akacheka: "Safari hii umejua kusema kuoza?" Nikamwambia, na hata kuchubuka: 碰伤 (pèngshāng). Sikulitazama popote.