Mkunazini na Mikataba: Uhakiki wa Simulizi Moja la Kanisa

Wageni wanaoingia katika Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana pale Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, husimuliwa habari ambayo wahubiri wetu nao wameizoea. Hapo palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Uingereza, na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa, na altare ikajengwa mahali ambapo, kwa mapokeo ya kanisa hilo, watumwa walichapwa viboko. Kwa hiyo mkataba ulitiwa sahihi, utumwa ukakoma, na Injili ikachukua nafasi ya mnada.

Makala hii yakusudia kulihakiki simulizi hilo. Hatusemi kwamba ni la uongo. Soko lilifungwa kweli, na Edward Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874, alilisimamia jengo lile kwa bidii, mbali na kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili ambayo sote tunaidaiwa shukrani. Tunalosema ni kwamba simulizi limekoma mapema mno. Limeishia kwenye sahihi. Na mhubiri anayeishia kwenye sahihi huwafundisha wasikilizaji wake jambo lisilo kweli juu ya sheria ya mataifa, yaani kwamba wakubwa wakiisha kukubaliana, mnyonge naye amekwisha kupata haki yake.

1. Yaliyofuata sahihi

Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuamuru masoko ya hadhara yafungwe. Haukumpa uhuru mtu aliyekuwa tayari mtumwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Wala haukuwa wa kwanza. Mkataba wa 1822 ulikuwa umewakataza raia wa Sultani kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo, na ule wa 1845 ulikataza kuwapeleka Arabuni. Wala tusidhani kwamba mkataba, kwa asili yake, ni chombo cha ukombozi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa elfu moja kila mwaka. Wakristo wamepata kuwa wanunuzi katika pwani hii, na simulizi la Mkunazini likitumiwa kuwasuta majirani zetu Waislamu, huwa limesahau nusu ya wateja.

Tuutazame mwaka 1890. Tarehe 2 Julai mataifa yalitia sahihi mjini Brussels hati ya kupinga biashara ya watumwa. Tarehe 1 Agosti Sultani Ali bin Said alitoa amri iliyopiga marufuku kuuza na kununua watu, na kumruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha yake mwenyewe. Tarehe 20 Agosti, siku kumi na tisa tu baadaye, ikatoka amri ya pili kwamba bwana asilazimishwe kuipokea fedha hiyo. Msomaji wa Biblia hawezi kuzisoma tarehe hizo bila kuikumbuka sura ya 34 ya Yeremia. Mfalme Sedekia na wakuu wa Yerusalemu walifanya agano mbele za Mungu kuwaacha huru watumwa wao, wakapita kati ya vipande vya ndama, kisha wakageuka na kuwarudisha watumwani watu wale wale. Nabii hawalaumu kwa kukosa agano. Agano walikuwa nalo, na lilifanyika katika nyumba ya Bwana. Awalaumu kwa kulinajisi jina la Mungu walipolitangua katika maisha ya watu waliohusika.

Kisha ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, Zanzibar ikiwa sasa chini ya himaya ya Uingereza. Kuanzia hapo mahakama hazikuweza tena kutekeleza madai yaliyojengwa juu ya hali ya utumwa. Huu ulikuwa mlango wa kweli. Lakini mlango huo ulimtaka mtumwa aufuate mwenyewe. Mwenye kutaka uhuru alipaswa kwenda mbele ya mahakama na kuomba utambuliwe. Akiisha kuupata, alitakiwa aonyeshe makao na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia ililipwa, lakini alilipwa bwana. Masuria hawakuingizwa. Walihesabiwa kama wake, na aliyetaka kutoka alipaswa kuthibitisha kwamba ametendewa ukatili. Ni amri ya 1909 iliyowafikia.

Kutoka 1873 hadi 1909 ni miaka 36. Msichana wa miaka kumi aliyeuzwa Mkunazini katika mwaka wa mwisho wa soko, akafanywa suria, alikuwa na umri wa miaka 46 sheria ilipoingia mlangoni mwake. Wakati huo kanisa lililojengwa juu ya soko lilikuwa limekwisha kutumika kwa ibada kwa takriban miaka thelathini.

2. Sheria ya mataifa katika mahakama za leo

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Hatuafiki. Namna sheria ya mataifa inavyoingia, au inavyochelewa kuingia, katika mahakama za Visiwani imebaki kuwa suala lile lile, ijapokuwa taratibu zimebadilika.

Katika Jamhuri ya Muungano, mambo ya nje ni jambo la Muungano, na Bunge ndilo linaloridhia mikataba. Lakini mkataba ulioridhiwa haugeuki wenyewe kuwa sheria ya nchi. Sharti itungwe sheria. Na kwa Zanzibar iko hatua ya ziada. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 chasema kwamba sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar isipokuwa iwe ya mambo ya Muungano, na iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Mambo kama malezi ya mtoto si ya Muungano. Kwa hiyo ahadi iliyotolewa kwa mataifa na Muungano mzima hungoja Baraza la Wawakilishi liitungie sheria yake.

Kungoja huko kuna gharama. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake. Mwaka huo huo Zanzibar ilitunga sheria iliyoruhusu mwanamke asiye na mume afungwe jela kwa kupata mimba. Sheria mpya iliyoondoa kifungo hicho ilikuja mwaka 2005. Vivyo hivyo, Mkataba wa Haki za Mtoto uliridhiwa mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikatungwa kwa ajili ya Tanzania Bara, na mtoto wa Unguja akapata yake, Sheria Na. 6, mwaka 2011. Katika kila moja ya mambo hayo mawili tunahesabu miaka ishirini kati ya sahihi na sheria.

Hata hivyo sheria ya mataifa huweza kuingia mahakamani kwa njia nyingine, nayo ni kinywa cha wakili. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kesi ya uhaini ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, wafuasi wa chama cha CUF. Kukamatwa kwao kulianza Novemba 1997, siku za uchaguzi mdogo wa jimbo la Mkunazini, jina ambalo msomaji amekwisha kulizoea. Walishtakiwa kuipindua Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, wakakaa rumande kwa karibu miaka mitatu. Katika rufaa liliulizwa swali la sheria ya mataifa: je, Zanzibar ni dola? Uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili. Novemba 2000, mwezi ule ule washtakiwa walipoachiwa huru, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba Zanzibar si dola mbele ya sheria ya mataifa, kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali yake.

Tunaitaja kesi hii kwa uangalifu, maana ina makali pande mbili. Hoja iliyowaondolea watu kumi na wanane kivuli cha kitanzi ndiyo iliyowaumiza Wazanzibari wengi kwa kuwaambia kwamba nchi yao si dola. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa ili itamke kwamba Zanzibar ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Sheria ya mataifa si Injili. Huokoa na kujeruhi kwa neno lile lile. Lakini yaonyesha kwamba neno hilo halikuingia mahakamani hadi walipopatikana watu wa kulisema, wakalisema kwa ajili ya waliofungwa.

3. Kosa la simulizi, na wajibu wetu

Hapa ndipo twaona upungufu wa kitheolojia wa simulizi la Mkunazini. Lina mfalme, balozi na askofu, lakini halina mtu aliyesimama mbele ya mahakama mwaka 1897 akiomba uhuru wake, wala aliyemsindikiza. Kwa hiyo linatufundisha kumshukuru Mungu kwa ajili ya wenye kalamu, bila kutuuliza tulikuwa wapi mlangoni.

Wako ndugu watakaotujibu kwa fundisho la tawala mbili, kwamba mahakama ni ya serikali na mimbari ni ya Kanisa. Jibu hilo halimtendei haki Luther. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, lakubali kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya kiraia na kuketi kama mwamuzi. Na katika Katekismo Kubwa, Luther akieleza amri ya nane, aanzia mahakamani, kwa maskini asiye na hatia anayeonewa kwa ushahidi wa uongo. Kumtetea mtu wa namna hiyo hakuchanganyi tawala mbili. Ni utii kwa amri tunayowafundisha watoto wa kipaimara.

Wengine watasema kwamba haki za binadamu ni mambo ya kigeni. Hoja hii ina uzito katika kisiwa ambacho mikataba yake ya kwanza ilifungwa manowari zikiwa bandarini. Lakini tazama ni nani waliolifanya jambo hili kuwa la wenyeji. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992 na wanasheria wa Kizanzibari, marehemu Profesa Haroub Othman akiwa miongoni mwao, nacho kikafundisha wasaidizi wa sheria wanaoishi na kufanya kazi shehiani. Wengi wao ni Waislamu. Sisi Walutheri Visiwani tu wachache, na katika kazi hii tuna ya kujifunza kwao kuliko ya kuwafundisha.

Mjane wa Luka 18 alikuwa na sheria upande wake. Torati ilimlinda. Alichokosa ni kadhi wa kumsikiliza, na mtu wa kwenda naye. Mchungaji wa Unguja hana haja ya kuwa wakili ili aitimize sehemu yake. Yampasa ajue msaidizi wa sheria wa shehia yake ni nani na mahakama ya wilaya iko wapi. Mama au mtoto akija ofisini na shauri, asimpe sala peke yake, bali aende naye. Na vyuo vyetu vingefanya vema kuwafundisha wanafunzi kuisoma Sheria ya Mtoto ya 2011 kwa makini yale yale wanayoipa historia ya Kanisa.

Basi tuendelee kulisimulia simulizi la Mkunazini, ila tulisimulie lote. Anayehubiri mwaka 1873 na autaje pia 1890, amri iliyotolewa na kutanguliwa ndani ya siku kumi na tisa. Na autaje 1897, mlango uliomtaka mtumwa aje peke yake, na 1909, mwaka wa masuria. Kisha awaulize wasikilizaji wake ni nani katika mtaa huo ambaye sheria yake imekwisha kutungwa lakini bado haijamfikia.